Urithi wa Mji Mzima

Tangu mumewe Mwinjuma afariki, Bibi Mashavu wa Masuguru, mjini Korogwe, hakukaa kitako. Afagie uwanja, amalize, aufagie tena. Aende sokoni kununua chumvi, arudi na nyanya, kisha aifuate chumvi. Majirani walisema ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, sikatai, lakini kilichomtafuna zaidi ni maneno ya shemeji yake. Siku ya arobaini, wazee wa ukoo waliotoka Handeni walikaa uani wakinong'ona mpaka chai ikapoa. Walipoinuka kuondoka, Mzee Mdoe, kaka wa marehemu, alimwambia, "Shemeji, mambo ya nyumba usiwe na wasiwasi." Basi, akapanda gari akaenda zake. Sasa niambieni, mtu akikwambia usiwe na wasiwasi, na wewe hukuwa umeutaja huo wasiwasi, utalala?

Mashavu na Mwinjuma walijaliwa mtoto mmoja tu, Amne, aliyeolewa Mkumbara. Mtoto wa kiume hawakupata. Kwa hiyo mama huyu alijua fika kwamba mirathi ikigawanywa, ndugu wa mume nao wana fungu lao, na nyumba si mkate wa kukatwa vipande. Ama wamuache nayo, ama wamtoe.

Wasiwasi ukimzidi, alichukua udongo mweupe akachora ukutani. Nyumba yake ni ya kukandika, katika mtaa ambao wenzake wote wameshahamia kwenye tofali. Zamani aliipamba mara moja kwa mwaka, Idd ikikaribia: mistari ya vidole, vitone, na pembe zilizofuatana, kama alivyofundishwa na mama yake. Mwaka huu alichora kila moyo ulipomwenda mbio. Ukuta wa mbele ukajaa, akahamia ubavuni.

Jumamosi moja asubuhi watoto wa shule wakaingia uwanjani kwa kundi, wana penseli, mbao za kuchorea na futi kamba. Mwalimu wao, Obadia, alikuwa amebaki barabarani anaongea na simu. Akatangulia msichana wa darasa la sita, Ikram, mwenye adabu zake zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmepotea?"

"Hapana, bibi. Tumekuja kupima na kuchora. Ni kwa ajili ya urithi."

Mashavu alimsogelea. "Urithi wa nani?"

"Wa mji mzima, bibi."

Lahaula! Ikram alimaanisha mji wa Korogwe. Lakini kwa Mashavu, kama kwa wakubwa wengi wa kwao, mji ni pale mtu anapoishi: nyumba, uwanja, jiko, na migomba iliyo nyuma. Akaona wazi kabisa: wamepima, wamechora ramani, sasa wanagawa, tena wametuma watoto ili yeye aone haya kupigana. Hakuona haya hata kidogo. Alishika ufagio. Watoto walitawanyika na mbao zao, na Mwalimu Obadia alipokuja mbio kuuliza kulikoni, aliambiwa akamwambie aliyemtuma kwamba Mashavu hajafa.

Kisha akampigia simu Adamu, mtoto wa Mzee Mdoe, huko Handeni. Hata salamu hakuipokea. Alimwambia yeye na baba yake ni watu wasio na haya, kaburi la Mwinjuma halijaota nyasi na wao wameshaleta kamba. Adamu alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, nisubiri. Kesho nakuja."

Simu ilipokatika ndipo baridi ilipomwingia. Je, kama watoto wale hawakutumwa na wao, na nyumba walikuwa wameshaisahau? Mdomo uliponza kichwa. Ameamsha waliolala, na kesho wanakuja.

Amne alifika Jumapili mapema, akiwa ameshakutana na Mwalimu Obadia njiani. Alimkalisha mama yake kwa nguvu. Akamweleza kwamba shule zinatengeneza mabango ya kuwekwa kuanzia stesheni ya reli mpaka sokoni na mitaani, ili mgeni atembee aone mji una nini. Wameiita Njia ya Urithi. Ikram na wenzake wangeweza kuchagua jengo lolote, wakachagua ukuta wake.

"Wanataka kuiga michoro yako, mama. Ndiyo hivyo tu."

Mashavu alicheka kidogo, halafu akakumbuka kuna mtu yuko njiani kutoka Handeni, na kicheko kikamkauka. Kwa aibu aliwaita watoto warudi, akawapikia mihogo. Wakalaza bango lao uwanjani, wakaanza kupaka rangi. Yeye alizunguka nyumba, akachungulia barabarani, akazunguka tena.

Adamu alishuka kwenye bodaboda vumbi limemjaa mpaka kope.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Sema ulichojia, usinizungushe."

"Mbona tulimaliza?" Adamu alionekana kweli hajui pa kuanzia. "Siku ileile ya arobaini. Baba na wenzake walisema fungu lao wanakuachia wewe na Amne. Nyumba ni yenu. Si alikwambia usiwe na wasiwasi?"

"Hivyo ndivyo kuambiwa?"

"Sisi sote tulijua umeelewa."

Mungu anisamehe, lakini hapo mimi ningemchapa. Furaha aliyoingojea Mashavu haikuja. Zilikuja hasira, kisha machozi ya hasira, kwa sababu mwaka mzima aliliwa na jambo ambalo wanaume walilimaliza hapo hapo uani kwake, wakinywa chai aliyoipika yeye, na hakuna aliyeona haja ya kumgeukia amwambie.

Ikram hakuwa na habari na hayo. Alikuwa amefika sehemu ya chini ya bango, mahali pa jina. Akainua brashi, akawatazama wakubwa watatu waliosimama, akamchagua Adamu.

"Shikamoo, baba. Hapa tuandike nyumba ya nani?"

Adamu akafungua kinywa.

"Ikram," Mashavu alisema, akijifuta uso kwa upande wa kanga, "mbona unamuuliza yeye? Niulize mimi."