Mwisho wa Juma

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, Jumanne moja ya mwezi wa Julai, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, bundi alitua juu ya vigae vya nyumba ya Juma, fundi wa nguo. Saa hiyo ninaikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimeagizwa niitazame. Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alikuwa ametoka Kitui kuja kutibiwa macho, na kazi yangu ilikuwa kutangaza saa kumi na mbili na nusu ikifika ili mama amtie dawa. Zilibaki dakika kumi. Nikachungulia nje, nikamwona.

"Susu, kuna ndege mwenye uso kama sahani."

"Jua limezama?"

"Bado."

Susu akaacha kufikicha macho. Bundi wa usiku ni bundi tu, alisema, lakini bundi anayetoka jua lingalipo ana haraka na mtu. "Ametua kwa nani?"

"Kwa Ju..."

Mkono wake ulinifika mdomoni kabla sijamaliza, na kwa mtu aliyekuwa haoni vizuri, ulifika mahali hasa. "Usilitaje! Bundi haui mtu. Bundi ni tarishi. Ametumwa akiwa na nusu ya jina, sasa anangoja mjinga mmoja amtajie nusu iliyobaki."

Sikuwa mtoto wa kusikia neno kama hilo na kulala. Hata sasa, nikiwa na shahada ukutani, hurudi mara mbili kuhakikisha nimefunga mlango. Lakini huenda ningesahau, kama asingekuja yule mgeni kesho yake.

Alikuwa mfanyakazi mwenzake baba, mtu wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi pale mtaani Kaloleni tulikuwa na neno moja tu la Jumamosi na Jumapili, nalo ni wikendi. Wikendi tunaenda soko, wikendi kuna mpira, wikendi ile ingine tulinyeshewa. Sijui kama nilikuwa nimewahi kusikia jina lingine. Baba hakuwepo, kwa hiyo mgeni akampa mama ujumbe akiwa mlangoni, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikichambua mchele.

"Shemeji, mwambie bwana kwamba kuaga ni mwisho wa juma, palepale ukumbini. Hema limepatikana, viti vipo, na masufuria watakuja nayo akina mama. Hotuba ni yake."

"Haya, nitamwambia," mama akasema. "Na mwenyewe anajua?"

"Hajui kitu! Tafadhali asiambiwe."

"Maskini. Amefanya kazi sana yule."

"Sana. Lakini kila mtu na siku yake."

Leo ninaweza kueleza kila neno. Mkuu wao wa ofisi alikuwa anastaafu, na walitaka kumshtukiza kwa karamu. Lakini mimi nilikuwa nimehudhuria matanga ya kutosha kujua hema, viti na masufuria vikikutana mahali pamoja maana yake ni nini. Nilijua pia kuaga. Kilichonishangaza ni kwamba watu wazima walikuwa wamepanga mwisho wa Juma wakati Juma mwenyewe alikuwa barazani, mzima, akikanyaga cherehani na kuimba kwa sauti iliyokwenda kombo.

Nilimpenda Juma. Alikuwa mtu wa Mumias, kijana wa kama miaka thelathini, na hakukosa kunitania kwamba jina langu lina mvua ndani yake. "Mumbua! Nimeanika nguo hapa, usije ukanyesha!" Sikuweza kumwonya. Mgeni alikuwa amekataza, na Susu alikuwa amekataza zaidi. Nikaona njia moja tu: kama tarishi anatafuta jina, basi jina lisipatikane.

Alhamisi asubuhi nikawatangazia watoto wote waliopanga foleni bombani kwamba fundi amebadilisha jina. Sasa anaitwa Festus.

"Festus? Tangu lini?" akauliza Akinyi, rafiki yangu.

"Tangu jana. Na atakayemwita lile la zamani atapata upele."

"Kwa mkono ama kwa uso?"

"Kwa ulimi."

Hilo la ulimi liliwashika. Kufikia jioni watoto wa safu yetu nzima walikuwa wakipita mbele ya baraza lake wakisema, "Shikamoo, Festus," naye akitazama nyuma aone ni nani anayesalimiwa. Aliona ni mchezo. Akaacha kuuona mchezo Ijumaa mchana, aliporudi kutoka msikitini akasikia kwamba mwimbaji mmoja wa kwaya, aliyekuja na kitambaa cha sare, ameelekezwa vibaya. Alikuwa ameuliza nyumba ya fundi Juma. Watoto wakamwapia kwamba hakuna Juma mtaa huo, kuna Festus tu. Yule mama akabeba kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine Kariobangi.

"Mumbua! Kuja hapa."

Nikaenda.

"Nani amenibatiza?"

Nikalia. Nikajaribu kunyamaza, nikashindwa, nikamwaga yote: hema, viti, masufuria, kuaga, mwisho wake. Juma akacheka mpaka akashika ukuta. "Na wewe ukaamini? Juma mzima hivi?"

"Na bundi," nikasema.

Kicheko kikakatika. "Bundi gani?"

"Alikaa kwa paa lako. Jumanne. Jua halijazama."

Juma akakaa polepole juu ya kiti cha cherehani. "Jumanne," akasema. "Jumanne nilisikia kitu kikikwaruza vigae." Akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kushika. Baba aliporudi kutoka kazini, alimkuta amesimama mlangoni kwetu, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mzee, nimekuja kuuliza mazishi yangu ni saa ngapi."

Ilichukua muda baba kuelewa, na alipoelewa alilazimika kuvua miwani afute machozi. "Juma ni wiki!" akasema. "Siku saba! Mwisho wa juma ni wikendi, ni Jumamosi na Jumapili. Huyu mtoto anafundishwa nini huko shule?"

"Jumamosi si mwisho, mzee," Juma akasema. Rangi ilikuwa inamrudia, pamoja na ubishi. "Sikiza jina lenyewe: juma, mosi. Siku ya kwanza hiyo. Ya pili, ya tatu, mpaka Ijumaa. Mwisho ni leo. Jua likizama leo nikiwa nasimama, nimevuka."

"Lakini ofisi inafungwa Jumamosi."

"Bundi hafanyi kazi ofisi," akasema Susu kutoka chumbani. Yeye peke yake hakuwa amecheka.

Nimesoma lugha chuo kikuu, na bado sijapata jibu lililo bora kuliko ubishi ule. Wote wawili walikuwa sawa. Majina ya siku zetu yanahesabu kuanzia Jumamosi, na maisha yetu yanahesabu kuanzia Jumatatu, nasi tunasema "mwisho wa juma" bila kusita, tukiiita siku ya kwanza siku ya mwisho. Watu wazima hawaoni shida yoyote, kwa sababu kwao neno ni neno tu. Mimi niliambiwa maana yake siku ile, na mbele ya mashahidi, lakini maana haikunituliza. Ilinipa tu swali jipya: kama mwisho ni Ijumaa, Juma ameshapona, kama ni Jumamosi, ndiyo kwanza unaanza. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza, "Wikendi gani? Hii ama ile? Tarehe ngapi?" hadi marafiki wanachoka nami.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wote, nikavaa sweta juu ya gauni la kulalia, nikaenda kuweka sikio langu kwenye mlango wa Juma. Sikusikia kitu. Nikahesabu hadi mia moja na arobaini na mbili, polepole, na hapo akakohoa. Nikarudi nyumbani kunywa chai.