Nilivyowalaza watu wa Tabora mchana kweupe, mtaa ukaja na unga wa msiba

Wakuu, habari za saa hizi.

Kaeni vizuri, au laleni kabisa, maana ndiyo mada yenyewe. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Tabora. Anayebisha aje mtaa wa Ng'ambo aulize kwa Bi. Zuhura muuza asali. Nyumba ile hakuna asiyeijua, hasa tangu siku tulipopata msiba usio na maiti.

Nianze na maneno ya watu.

Niliporudi kutoka Dubai walisema sitaweza. Walisema huwezi kumlaza Mnyamwezi mchana bila kumpa malaria kwanza. Walisema yoga ni ya Wazungu waliokosa kuni za kupasua. Masanja, dereva wa boda wa kijiwe chetu, alisema mbele ya kadamnasi: "Yaani huyu kapanda ndege kwenda kujifunza kulala? Shemeji yangu analala tangu asubuhi na hana hata cheti!"

Kijiwe kizima kikacheka. Muuza kahawa alicheka mpaka akamwagikiwa.

Sasa mimi cheti ninacho. Diploma. Naisema mapema ili tusisumbuane huko mbele. Nilikwenda Dubai kubeba taulo kwenye spa ya hoteli, nikaondoka pale nikiwa mwalimu, wageni wananiulizia kwa jina. Sikushikwa mkono na mjomba wala mheshimiwa yeyote. Nilisoma huku nafanya kazi, nikafaulu, nikavaa joho. Picha ipo, wenye wivu niombeni inbox.

Kwa wasiojua, kuna kitu kinaitwa yoga nidra. Sio kujikunja kama chapati. Unalala chali, unafumba macho, mwalimu anakutajia viungo vya mwili kimoja kimoja, na wewe unapeleka akili yako pale na kukiachia. Mwili unazima taratibu. Akili inabaki macho, imekaa pembeni kama mlinzi anakunywa chai. Hujalala. Upo.

Ugumu wake ndio huo. Kulala hata mbuzi anaweza. Kulegea kama mlenda huku una fahamu zako zote, hapo ndipo wanaume huwa wanaanza kukoroma.

Mimi kilinikuta nimeshaharibika. Nilikuwa napiga zamu mbili, nikifika kitandani macho kodo, na nikibahatika kupitiwa naota nakunja taulo. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa anafundisha pale aliniangalia tu, akaniambia nilale chini kwenye darasa lake. Nilipoinuka nilikuwa nimelia. Kwa nini, sijui, na msiniulize. Ila tangu siku hiyo nilijua kazi yangu ni ipi duniani.

Turudi Tabora.

Bi. Zuhura ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea. Anauza asali sokoni, anaipokea kwa madumu kutoka kijijini Ipole, anaichuja mwenyewe, anaibeba mwenyewe, anagombana na wateja mwenyewe. Presha anayo. Zahanati walimwambia apumzike, akakubali. Kupumzika kwake ni kuchambua mchele badala ya kubeba dumu.

Nilipofika tu nikamwanza.

"Shangazi, shikamoo. Lala kidogo basi, nikuelekeze."

"Marahaba. Na nikilala, asali ataichuja nani? Hiyo diploma?"

Ndivyo tulivyoishi. Mimi nimefundisha wageni kwenye maghorofa ya Uarabuni mpaka presha zikawashuka, shangazi yangu mwenyewe ananiona kibonzo. Moyoni niliapa kwamba kama sitamlaza mama huyu, basi hiyo picha ya joho naishusha ukutani.

Nikamwomba uwanja wake nifungue darasa. Akasema, "Uwanja chukua. Asali yangu msiiguse, na msiniite."

Mikeka sikuwa nayo. Nikapita nyumba kwa nyumba asubuhi kuazima. "Mama Sada, naomba mikeka, nina jambo kidogo nyumbani." "Mzee Maganga, naomba jamvi, tuna shughuli jioni." Wote walinipa bila swali, wengine wananishika bega kwa huruma. Nikajisemea, mtaa umeanza kuheshimu wasomi.

Wenyeji wa mitaa yetu hii mmeshaelewa. Mtu anayekusanya mikeka na majamvi ya jirani asubuhi asubuhi, uso mkavu, hasemi harusi ya nani, ana nini nyumbani?

Mimi miaka ya Dubai ilikuwa imenifuta hiyo kichwani.

Baada ya alasiri watu wakaja. Masanja na wenzake wa kijiweni walikuja kunicheka, maana siku ya kwanza ilikuwa bure. Mzee Maganga, mstaafu wa reli, alilifuata jamvi lake alinde lisichafuliwe. Nikawalaza chali kwa mstari mmoja. Na kwa kuwa mimi sifanyi kazi za kienyeji, kila mmoja nikamfunika shuka jeupe mpaka kidevuni, kiwango cha hoteli. Helmeti zao nikazipanga getini, nazo kwa mstari.

Nikaanza kwa sauti ya spa. "Jione uko ufukweni. Mawimbi yanakuja, yanarudi..."

"Ufukwe gani?" Mzee Maganga akauliza, macho amefumba.

"Wa bahari, mzee. Jione tu."

"Mimi bahari nimeiona mara moja, pale Feri. Nikaibiwa viatu."

"Sasa hivi hakuna mwizi, mzee wangu. Legeza vidole."

"Vya miguu silegezi."

Basi wakaanza kucheka chini ya mashuka. Nikawafokea, wakanyamaza, na wengine wakavuta mashuka mpaka usoni kuficha vicheko. Kukawa kimya kabisa.

Ni katika kimya hicho Mama Sada, jirani yetu wa ukuta mmoja, alipochungulia getini. Kanga kichwani, unga kwenye beseni, nyuma yake wanawake wa mtaa na kuni na sufuria. Walikuwa wamesubiri tangazo la msikitini, hawakulisikia, wakasema hawa wamechanganyikiwa na uchungu, twendeni tu.

Akaona helmeti kwa mstari. Akaona watu kwa mstari, weupe, wamefunikwa.

"Yarabi toba! Vijana wote wa boda!"

Kile kilio sijawahi kukisikia tena. Kuku walipanda paa. Wanawake wote wakapokea.

Masanja akainuka na shuka lake kichwani. "Mama Sada, kelele bwana, ndo kwanza nilikuwa nimefika magotini."

Beseni likaruka. Unga ukatua juu ya Mzee Maganga, ambaye hakufumbua macho, akauliza tu kama hayo ndiyo mawimbi.

Mimi ningecheka, wakuu. Lakini wakati huo huo shangazi alikuwa anarudi kutoka sokoni.

Fikirieni alichokiona. Getini kwake kumejaa wanawake wamejifunika kanga, wanalia. Akauliza, "Nani?" Hakuna aliyemjibu, kila mmoja alidhani mwenzake atasema. Na nyumba ile wanaolala ni wawili tu, yeye na mimi.

Nilisikia sauti yake. "Rama wangu!"

Mama ambaye tangu nirudi alikuwa hajaniita jina zuri hata siku moja.

Nilitoka mbio. Aliponiona akanishika sikio, akalivuta sawasawa, kuhakikisha ni la mtu aliye hai. Kisha miguu ikamwishia. Jasho linamtoka, mkono uko kifuani, pumzi fupi fupi. Mama Sada akasema aitwe bajaji, zahanati haraka. Masanja akakimbia kuitafuta.

Nikamlaza kwenye mkeka wa kwanza nilioukuta. Wanawake wamemzunguka, kila mtu anampepea, kila mtu anaongea. Nikasema, "Jamani, wote chini. Laleni." Sijui sauti niliitoa wapi, ila walitii. Mikeka si ndiyo walikuwa wameijia? Wakalala.

Nikamwinamia shangazi. Ufukwe nikautupa huko huko. Mama huyu hata Igombe bwawani hajawahi kufika. Nikatafuta maneno, yakaja haya.

"Shangazi, umetoka safari ndefu. Mzigo umeubeba kichwani tangu mbali. Umefika Tabora. Tua."

Mji wetu huu, wakuu, misafara ya zamani ilikuwa inafika hapa na watu wanatua mizigo kabla ya kuendelea Ujiji au kushuka pwani. Nani alibeba kwa ujira na nani alibebeshwa kwa mnyororo, hiyo ina uzi wake na mimi leo sina moyo wa kuucheka. Ila kila mtoto wa hapa anajua mzigo ulikaa wapi mwilini.

"Tua wa utosini. Kata ya kichwani iache idondoke. Sasa shingo, haina kazi tena. Tua bega la kulia. Tua la kushoto. Mkono uliozoea kushika mzigo usianguke, uachie, hauanguki tena. Kiuno. Magoti. Nyayo, zimefika."

Nilikwenda hivyo, kiungo baada ya kiungo, taratibu, bila kulia wala kubembeleza. Pumzi yake ikaanza kurefuka. Mkono ukashuka kutoka kifuani, ukalala ubavuni, kiganja juu. Mikono ya shangazi yangu ilikuwa haijawahi kukaa bila kushika kitu.

Wanawake waliokuja kulia, vijana waliokuja kunicheka, wote chini, wote wanapumua.

Bajaji ilipofika, shangazi alikuwa amekaa. Zahanati tulikwenda hivyo hivyo, na nitasema hapa kwa herufi kubwa: MTU AKIBANWA KIFUA MPELEKE HOSPITALI, yoga itafuata baadaye. Daktari alimpima, akamwongezea dawa, akamuuliza kama amekuwa akipumzika. Akajibu, "Leo."

Njiani kurudi nikataka kujisifu. Hakunipa nafasi.

"Sijalala," akasema. "Nilikuwa nasikia kila kitu. Hata kuku."

"Ndivyo inavyotakiwa, shangazi."

"Usinikatize. Ile mikeka ni ya misiba ya watu. Kesho mtu akifa kweli, wafiwa wakae juu ya diploma yako? Mwezi wa mfungo ukiandama kila mkeka uwe umerudi kwa mwenyewe, na wewe una yako. Ukishindwa, unakwenda Urambo kwa binamu yako ukafunge marobota ya tumbaku."

Mimi. Na joho langu. Marobota.

Lakini sikuhangaika kutafuta wanafunzi, wakuu, walijileta. Na sio wale wa kijiweni, ni wale waombolezaji. Mama Sada alikuja kesho yake tu, amejitanda vizuri, anatazama huku na huku. Akaniambia, "Rama mwanangu, tangu niolewe sijawahi kulala chali mchana bila mtu kuniuliza chumvi iko wapi. Nifanyie tena ile ya kutua." Akaja na dada yake. Dada, ambaye ni mwalimu, akaja na mwenzake wa shuleni. Shehe wa jirani alikuja kuchunguza kama nimeleta dini ya Kihindi, akalala, akaniuliza siku nyingine ni lini. Frateri mmoja wa seminari naye alikuja, akakoroma, tukamsamehe.

Kwa walichonilipa niliagiza mikeka kwa akina mama wa Ipole. Ikaja juu ya gari moja na asali ya shangazi, akailalamikia kwamba imemchukulia nafasi.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wetu hawachukii kupumzika, hawajawahi kupewa ruhusa. Anayelala mchana lazima awe mgonjwa, mvivu au marehemu. Mpe mtu muda mfupi wa kuwa hai bila kuwa na kazi, fahamu zake anazo, mwili ameuachia, utamwona sura yake halisi ilivyokuwa kabla maisha hayajaikunja. Na ukitaka kumfikisha huko, mpitishe njia anayoijua. Mawimbi waachie watu wa pwani.

Wajuzi wa mambo haya leteni uzoefu wenu hapo chini. Wabishi nanyi karibuni, ila mwanaume asiyeweza kulala chali akiwa macho bila kushika simu asinitukane, akajaribu kwanza.

Nimalizie na siku ya mikeka, kabla tu ya mfungo.

Masanja alinipakia bure, mikeka kiunoni mwangu kama ngao. Mzee Maganga alilikagua jamvi lake, akasema bado lina unga. Mama Sada aliunusa wake, akaridhika. Nyumba kwa nyumba, kila mtu na chake, mpaka mkononi nikabaki na mmoja, wa shangazi, ule wenye ukingo mwekundu aliokuja nao alipoolewa.

Nikaingia uani. Madumu yapo, chujio lipo, mteja anapiga hodi getini na hakuna anayemjibu.

Shangazi alikuwa chini kwenye saruji tupu. Chali. Kanga mpaka kidevuni, viganja juu, hatikisiki.

Wakuu, diploma ilinitoka kichwani. Nilifungua mdomo kama Mama Sada.

"Thubutu unililie," akasema, macho amefumba. "Nipo. Tandika huo mkeka, sakafu ina baridi. Na huyo wa asali mwambie nimetua."