Laini Yenye Mama Milimani

Nilipofungua kibanda changu cha ushonaji hapa Morogoro mjini, nilinunua laini mpya kwa ajili ya wateja. Wakala alinisajili kwa alama za vidole, na siku hiyohiyo mchoraji akaiandika namba mlangoni kwa rangi nyekundu. Nilisubiri simu za magauni na sare za shule. Simu ya kwanza ilitoka milimani, juu ya Mkuyuni.

"Mwanangu, hujambo?" aliuliza mama mmoja kwa lafudhi ya Kiluguru.

"Shikamoo mama. Nadhani umekosea namba."

"Marahaba. Sijakosea, hii ni ya mwanangu, nimeandikiwa ukutani." Kisha akaitambua sauti ya kike. "Kumbe ameoa! Ameoa hajaniambia!"

Nilijieleza, sikufua dafu. Alimshukuru Mungu, akaniuliza kwetu ni wapi, kisha simu aliyoazima kwa jirani ikaishiwa salio. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikarudi kwa wakala. Akaniambia laini ikikaa miezi mingi bila kutumika, kampuni huifunga, baadaye namba hupewa mteja mwingine.

"Nikubadilishie?" aliuliza.

Nikaufikiria mlango wangu. Nikakataa.

Mama akawa anapiga kila Ijumaa asubuhi. Mara ya tatu alinielewa, sauti ikampungua. "Basi mwanangu yuko wapi?" Tangu mavuno ya mpunga hakuwa amemsikia. Siku ile nilishona pindo moja mara mbili, zote upogo.

Hakuwa yeye peke yake aliyepiga namba ile. Mwanzoni wengine niliwakatia. Sasa nikaanza kuwauliza. Fundi baiskeli wa Ngerengere alimjua kama golikipa wa timu yao, basi. Dada muuza viungo wa Mkuyuni alisema kijana aliaga kwamba anakwenda kukata miwa. Kisha, mchana mmoja, akapiga mama lishe kutoka bonde la Kilombero.

"Kaka, leo huli? Ugali unapoa."

Nilisimama ghafla, mkasi ukaanguka. "Dada, kwani yupo huko?"

"Si jana tu alikula hapa! Namba hii aliniachia mwanzo wa msimu. Wewe nani?"

Nikamweleza yote. Kesho yake kijana mwenyewe akanipigia kwa simu ya mama lishe. Aliibiwa simu, namba zote zikapotea nayo. Laini ilisajiliwa kwa jina la binamu yake aliyehama, hivyo hakuweza kuirudisha. Salamu alimpa msafiri, naye hakuzifikisha.

"Mama ananilaani?" aliuliza.

"Anakutafuta. Andika namba ya jirani yake."

Jumamosi mama akanipigia kwa shangwe. "Nimeongea naye! Nimemgombeza, halafu nikalia, halafu tukacheka."

Msimu wa miwa ulipokwisha, kijana alipita kibandani kwangu akielekea kwao, mrefu kweli, kichwa kinagusa fremu. Alitaka gauni la mama yake. Vipimo hakuwa navyo. Alinionyesha kwa mikono tu, kama anayedaka mpira. Nikashona kwa kukisia.

"Limenikaa vizuri," mama alisema kwenye simu, "ila mikono mirefu, inaingia kwenye mboga."

"Lilete nipunguze, mama."

Alishuka Jumanne. Tukakumbatiana mlangoni. Nilikunja ile mikono polepole makusudi, yeye akinywa chai na kunisimulia jinsi golikipa wake alivyokuwa akidaka mafenesi yakianguka mtini.