Uso wa Enid Kabla Haujapakwa Nyeupe

Studio yetu pale kando ya mto Thames ilikuwa ya watu wa mkono mfupi, sioni haya kusema. Filamu nzima tuliimaliza kwa wiki mbili, na Ijumaa ya mwisho kila turubai lililochorwa mandhari lilipakwa rangi nyeupe ili litumike tena Jumatatu. Mimi nilikuwa seremala. Hilda Pocock ndiye aliyechora kila kitu: kuta, madirisha, mpaka mawingu. Mwanamke mpole, ila mkaidi kama kufuli lenye kutu.

Mwaka ule tukatengeneza kisa cha mapenzi ya wachoraji. Kijana hana kitu, anamchora mpenzi wake, basi. Hilda akaambiwa amchore huyo mpenzi kabla mwigizaji hajapatikana, maana wakubwa walikuwa bado wanatafuta wa bei nafuu. Akachora uso aliokuwa nao kichwani, wa Enid, mdogo wake, aliyekufa bomu lilipoangukia nyumba yao wakati wa vita. Picha zote za familia ziliteketea humo humo. Tangu hapo mama yao hakuwa na pa kumtazama Enid.

Mwigizaji alipofika akaitazama ile picha, akabetua midomo.

"Sasa huyu ni mimi au shangazi yangu?"

"Huyo ni mpenzi wake wa kwanza, marehemu," mwongozaji akasema, akibadilisha hadithi papo hapo. "Wewe ni wa pili. Haya, washeni taa."

Ijumaa Hilda akamwendea meneja, nami nikamfuata na ubishi wangu.

"Naomba turubai hili, bwana. Hata mkinikata mshahara."

"Nikikupa wewe, kesho seremala atataka milango."

"Milango hiyo nani aitake?" nikamjibu. "Haifunguki."

Hakucheka, wala hakutoa turubai.

Kupaka nyeupe ilikuwa kazi ya Hilda mwenyewe. Nikamwambia aniachie mimi, akakataa. Alianzia pembeni, macho akayaacha mwisho. Iliniuma sana, sitaficha.

Filamu ilipotoka, ilionyeshwa kabla ya filamu kubwa, ili watu wapate muda wa kutafuta viti. Tukampeleka sinema mama yake Hilda, Bibi Pocock, na mfuko wake wa peremende. Filamu yenyewe ovyo, jamani. Kisha uso wa Enid ukajaa ukutani. Mama akaacha kutafuna.

"Hilda," akanong'ona, "nywele umemchana vizuri mno. Enid na kitana wapi na wapi?"

"Nilitaka apendeze, Mama."

Uso ule ukapita, mara moja tu.

Siku zile tiketi moja ilikukalisha ukumbini mpaka wafunge, filamu zilezile zikizunguka na kurudiwa. Ile kubwa ikaanza, ikaisha. Nikachukua kofia yangu nikasimama. Bibi Pocock alikuwa ameshavua viatu.

"Kaa chini, mwanangu," akaniambia. "Enid anarudi sasa hivi."