Taa Zilizokatwa Nyaya

Mtaa mzima ulimwita Mama Kurunzi, na si kwa sababu ya kazi yake peke yake. Ni kweli alitengeneza taa za mezani na za ukutani kutokana na taa za mbele za magari yaliyokufa. Lakini pia ukiingia kibandani kwake ulimulikwa kwa maswali mpaka usahau ulichofuata.

Alikuwa na haki yake. Mwaka uliopita polisi walimsombea rafu nzima ya taa kwa ajili ya jozi moja ya wizi aliyouziwa na kijana mwenye maneno ya asali. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo hapokei taa yenye nyaya zilizokatwa. Mwenye mali hufungua skrubu, akachomoa soketi taratibu. Mwizi ana haraka, hukata.

Sasa jozi iliyokuwa mezani ilikuwa imekatwa, tena ovyo. Na aliyeileta, ndani ya gunia la sukari, ni mchumba wa binti yake.

"Umezitoa wapi, baba?"

"Za nyumbani tu, mama. Nitengenezee taa ya sebuleni. Ila usimwambie mtu."

Usimwambie mtu! Na huku anaangalia chini, anafutafuta mikono kwenye suruali.

Alipoondoka, Mama Kurunzi akazigeuza zile taa. Pembeni mwa kioo kimoja palikuwa na mstari mnene wa rangi ya kucha, nyekundu. Wenye magari huchonga namba ya gari kwenye kioo, taa ikiibwa itambulike. Na mwizi, kazi yake ya kwanza ni kuificha hiyo namba. Moyo ulimwuma. Binti yake, mwezi ujao, aolewe na mkata nyaya? Heri aibu ya leo. Akampigia simu mama wa kijana.

"Mkwe, njoo. Jambo zito hili, halisemeki kwenye simu."

Akaunga balbu kwenye ile taa, apate mwanga wa kusomea namba, akashika wembe. Ndipo mama wa kijana alipoingia akihema.

"Usibandue!"

Mgeni akajikalia kwenye stuli bila kukaribishwa, macho kwenye taa.

"Hiyo ni ya gari la marehemu mume wangu. Kioo kilipata ufa, nikauziba mwenyewe kwa rangi yangu ya kucha, maji yasiingie. Alinicheka wiki nzima, eti nimelipamba gari lake." Akajipangusa uso. "Siku watu wa chuma chakavu walipokuja kulivuta, nilimwona mwanangu anatoka mbio na kisu cha jikoni. Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe alikimbilia kukata hizi taa kabla halijaondoka, anitengenezee kumbukumbu."

Mama Kurunzi aliweka wembe chini. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Haya, mkwe. Hilo jambo zito ni lipi?"

Angeweza kusingizia mavazi ya harusi, au idadi ya wageni. Lakini mtu aliyewahoji watu mwaka mzima hakuwa na uso wa kudanganya.

"Nilikuita nikwambie mwanao ni mwizi."

Mama wa kijana alipitisha kidole juu ya ile rangi, taratibu, toka mwanzo wa ufa hadi mwisho. Kisha akaizima taa.

"Itengeneze vizuri," alisema. "Na siku atakayoniletea, mimi sijawahi kuiona."