Mistari kumi na miwili ya mbabula na réchaud

Leo nimefuta code yangu mbele ya darasa zima.

Ulikuwa mtihani wa informatique, somo la kompyuta, wa kusimama na kueleza. Nikianguka, likizo yangu inaisha kwenye repêchage, mtihani wa kurudia. Na mimi, kusema mbele ya watu ni kama ugonjwa.

Somo: interface.

Nikaeleza kwamba Jiko ni interface, yaani ahadi tu: kila jiko linajua pika(). Réchaud inapika kwa courant ya umeme, mbabula inapika kwa makala, ule mkaa, kila moja kwa njia yake.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Nikadhani nimemaliza.

Kisha prof akasoma code yangu. Nilikuwa nimeandika: kama ni réchaud, fanya hivi, kama ni mbabula, fanya vile. Mistari kumi na miwili.

"Mama yako akikuambia upike bukari, ule ugali wa kila siku, anaulizaka kwanza kama utapikia kwa mbabula?"

"Hapana, prof. Anasemaka tu: pika."

"Sasa juu ya nini code yako inauliza?"

Halafu mmoja kutoka nyuma: "Mama yake anajua programmation kumupita!"

Walicheka wote. Hata prof.

Nikafuta yote, nikaandika mstari mmoja: jiko.pika(). Ukafanya kazi kwa réchaud, ukafanya kazi kwa mbabula.

Nimepita, kwa shida. Nimechoka kama niliyebeba gunia la makala.

Mama ameniuliza mtihani ulikuwaje. Nimejibu tu: "Muzuri." Sijui nianzie wapi kumweleza kwamba ni yeye aliyejibu.

Nyinyi mungemwambia?