Samli kwenye Breki ya Baba

Baada ya baba kufariki, gari lake lilikaa uani kwetu Kirolirwe msimu mzima wa mvua. Siku niliyotaka kuliondoa, gurudumu la mbele la kushoto liligoma kuzunguka, na Mama alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Dada yake mkubwa alikuwa mgonjwa kule Ngungu, amemwita kwa simu, na sauti aliyomwitia nayo haikuturuhusu kuahirisha. Mama ana nyonga mbovu; pikipiki hapandi.

Kaka yangu alilitazama gurudumu, akasonya.

"Dada, uzisha hii chuma. Breki ishakufa. Mama tutamubeba mu tipoyi mupaka Ngungu."

Tipoyi ni machela yetu ya miti, inayobebwa mabegani. Wagonjwa hubebwa humo, na wafu pia.

"Mimi sijakuwa maiti, weye!" Mama alifoka.

Hapo nikakata shauri. Nililiinua gari kwa jeki, nikasukumia gogo la mkaratusi chini yake, maana jeki ile siiamini hata kidogo. Nikalivua gurudumu. Chuma kinachobana pedi kwenye diski kinatakiwa kiteleze juu ya pini mbili. Pini ya juu ilitoka bila ubishi. Ya chini ilikuwa imeganda.

Kaka alileta nyundo kubwa, nikamnyang'anya. Ukipiga kwa hasira unaipinda pini, na nyingine utaitoa wapi huku milimani? Niliimwagia mazutu, yaani dizeli, nikaiacha inywe huku nikimenya viazi, nikarudi na spana. Kidogo mbele, kidogo nyuma, mazutu tena. Viganja vilichubuka. Nililitukana gari, nikaitukana kutu na mvua yote ya kwetu Masisi, lakini spana sikuiachia. Jua likielekea kuzama, pini ilizunguka duara zima, ikatoka imevaa ganda la kahawia. Nikalinusa: samli!

Sisi wa nchi ya ng'ombe samli tunaipaka kila mahali: ngozi ya mtoto, kamba, bawaba za mlango. Baba alipokosa grisi alipaka samli, joto la breki likaipika hadi ikawa gundi, na kutu ikamalizia kazi. Mama naye alinusa, akacheka hadi akajishika nyonga.

"Ndiye baba yako uyu! Ata mimi angenipakaa samli, nisishikwe na kutu."

Kisha akajifuta macho kwa kitenge. Nilisugua pini kwa msasa hadi ikang'aa, nikapaka grisi ya breki ya kwelikweli, nikarudisha kila kitu mahali pake.

Asubuhi nilijaribu gari likiwa tupu, kwanza kwenye tambarare, halafu kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa. Lilisimama bila kuvuta upande. Ndipo nikampakia Mama.

Njia ya Ngungu ni matope na mashimo. Kwenye mteremko mkali kuliko yote, ng'ombe walitukatia njia ghafla. Nilikanyaga breki, gari likatulia. Mama aliuachia mshikio wa mlango, akanigusa bega.

"Twende, mutoto yangu."

Mama mkubwa alikuwa hai. Alipomwona mdogo wake anaingia kwa miguu yake mwenyewe, alinyoosha mikono yote miwili. Mama alivua viatu, akapanda kitandani kwake, wakalala wameshikana kama wasichana. Nilibaki mlangoni, mikono inanuka mazutu, nikalia bila aibu.

Wiki hiyohiyo mama mkubwa alifariki, Mama akiwa amelala ubavuni pake.